Je, Memphis wangemchukua Curry badala ya Thabeet, wangebeba ubingwa?

Wabongo wa basketi hili jeraha tunalijua. Juni 2009 Hasheem Thabeet, kijana wa Dar mwenye mita 2.21, alichaguliwa namba 2 kwenye drafti (zamu ya timu kuchagua wachezaji wapya) na Memphis Grizzlies, Mtanzania wa kwanza kuingia NBA, ligi kuu ya kikapu Marekani. Namba 3 akawa James Harden, namba 7 Stephen Curry. Yaliyofuata unayajua, hao wawili wakawa mastaa wakubwa, Thabeet hakung'ara.

Mi mwenyewe miaka kibao nilikuwa nabishana kijiweni kwamba hesabu ni nyepesi tu, toa Thabeet weka Curry, kombe linaenda Memphis. Nilikuwa nimechemka, tena sio sehemu moja.

Curry tunayemwota hakuwepo 2009. Aliyekuwepo alikuja kusumbuliwa na kifundo cha mguu mpaka msimu wa 2011-12 akacheza mechi 26 tu. Golden State, timu iliyomchukua, walimvumilia, wakamtoa mfungaji wao Monta Ellis ili timu iwe ya Curry, na kwa sababu ya hicho kifundo wakamsainisha kwa dola milioni 44 kwa miaka minne, bei ambayo baadaye ilionekana ya kutupa. Memphis nafasi hiyohiyo ya kuongoza mpira walishakuwa na Mike Conley, sasa nani angevumiliwa?

Halafu kuna ishu ya sinia. Chukulia watu watano wanakula pilau sinia moja, mpira ndo hilo sinia, hauongezeki kwa sababu umemleta mlaji hodari. Memphis ya Zach Randolph na Marc Gasol ilikula katikati kwenye nyama, yaani chini ya kikapu, taratibu, kwa kusukumana. Harden ni mtu wa kushika upawa agawe yeye, na hata Oklahoma City, timu iliyomchagua, hakupewa, alitokea benchi (akabeba tuzo ya mchezaji bora wa akiba 2012) mpaka alipofika Houston ndo akakabidhiwa. Curry yeye anakaa mbali na mabeki wanamfuata hukohuko, katikati panabaki peupe, kwa hiyo inawezekana kabisa yeye na wale mabonge wawili wangenoga, hapo siweki dau.

Ila kuna kitu huwa tunakiruka. Februari 2011 Memphis walimpeleka Thabeet Houston kwenye dili lililomrudisha Shane Battier. Miezi miwili baadaye, mechi ya kwanza ya mtoano dhidi ya San Antonio, vinara wa kanda ya Magharibi, ni Battier huyohuyo aliyetupia pointi tatu zikiwa zimebaki sekunde 24 hivi, Memphis wakapata ushindi wao wa kwanza wa mtoano tangu timu iundwe, wakamaliza kwa kuwatoa Spurs 4-2 wakiwa namba 8, wa mwisho kuingia mtoano kwenye kanda! Bila Thabeet wa kumtoa, hilo dili linakuwaje?

Hoja inayonisumbua bado ni ya Harden, maana raundi iliyofuata waliowatoa Memphis ni Oklahoma City, 4-3, na Harden alikuwa upande wa pili. Ungemchukua yeye ungejiongezea wewe na kumpunguzia jirani kwa mkupuo mmoja. Sema bila Battier sijui kama hiyo raundi ungeifikia.

Na kichekesho ni kwamba msimu wa 2012-13 Harden alihamia Houston, timu ambayo Thabeet alishapita, na Thabeet akawa Oklahoma City.