Ufa wa Jengo la Kale Husomwa Kabla ya Kuzibwa

Jengo la kale la umma linapoonyesha nyufa, wengi hudhani dawa yake ni saruji na nondo. Mhandisi wa miundo mwenye uzoefu huanza kwa kusubiri: hugandisha kipande chembamba cha kioo juu ya ufa, huandika tarehe, kisha hurudi kukikagua kila baada ya wiki kadhaa. Kioo kikipasuka, ukuta bado unasogea, na chanzo huenda ni msingi unaodidimia, maji yanayovuja au paa linalozisukuma kuta nje. Kikibaki kizima mwaka mzima, pengine ufa huo ulitulia kabla sisi hatujazaliwa, na kuujaza chokaa kunatosha.

Nimetaja chokaa kwa makusudi. Katika ukuta wa mawe au matofali uliojengwa kwa chokaa, unyevu unaoingia hutoka kupitia viungo, na ulaini wa viungo hivyo huuwezesha ukuta kujongea kidogo bila kuvunjika. Ukipigwa lipu ya saruji, unyevu hukwama ndani. Na pale saruji inapokuwa ngumu kuliko jiwe, jiwe ndilo humeguka.

Hata wataalamu wamewahi kukosea. Katika ukarabati wa Parthenon, hekalu la kale la Wagiriki jijini Athens, mwanzoni mwa karne ya 20, mawe yaliunganishwa kwa vyuma ambavyo, tofauti na vile vya wajenzi wa kale, havikufunikwa kwa metali ya risasi. Vyuma vikashika kutu, kutu ikavimba, marumaru ikapasuka. Warekebishaji wa baadaye wamelazimika kuviondoa na kuweka titani, metali isiyoshika kutu. Mkataba wa Venice wa 1964, unaohusu uhifadhi wa majengo ya kale, unaruhusu mbinu za kisasa pale za jadi zinaposhindwa, mradi ufaafu wake umethibitishwa kisayansi na kwa uzoefu. Neno hilo la mwisho, uzoefu, ndilo husahaulika.

Mara nyingine jengo halina kasoro. Mzigo ndio mpya. Viwango vya Ulaya hukadiria mzigo wa ofisi kuwa kilonewtoni 2 hadi 3 kwa mita ya mraba (takriban uzito wa kilo 200 hadi 300), ilhali hifadhi ya vitabu hukadiriwa 7.5. Anayegeuza ofisi za ghorofani kuwa maktaba atahitaji maboriti ya chuma na kuta zilizotobolewa, ilhali rafu hizohizo zikiwekwa chini, juu ya sakafu iliyolala ardhini, huenda boriti za kale za mbao zisiguswe kabisa. Ndiyo maana mhandisi anafaa kuitwa wakati matumizi ya vyumba yanapogawanywa, michoro ikiwa bado haijaanza.