“Tofauti ni ukingo tu”: dhana potofu kuhusu .45 ACP na .45 Auto Rim

Marekani, watu wanaojijazia risasi wenyewe hufungua kitabu cha vipimo vya baruti, wakakuta namba tofauti kwa risasi mbili zinazofanana kama mapacha: .45 ACP ya bastola na .45 Auto Rim ya rivolva (silaha ya mkono yenye silinda inayozunguka). Wengi huamua kwamba mwandishi kakosea. Mara nyingi hakukosea.

Dhana: Auto Rim ni dhaifu, ndiyo maana vipimo vyake viko chini.

Ganda lenyewe halina udhaifu wowote. Marekani ilipoingia vitani mwaka 1917, bastola za jeshi za M1911 hazikutosha, hivyo Colt na Smith & Wesson wakatengeneza rivolva za kupiga risasi ileile ya .45 ACP. Tatizo ni kwamba risasi hiyo haina ukingo uliotokeza kitakoni, kwa hiyo kifaa cha kusukuma maganda nje ya silinda hakina pa kushika. Dawa ikawa kibanio chembamba cha chuma chenye umbo la nusu mwezi, kinachoshika risasi tatu. Mwaka 1920 kampuni ya Peters ikaleta Auto Rim, yenye ukingo mnene wa milimita 2.3 hivi, unaojaza nafasi iliyokuwa ya kibanio.

Rivolva hizo za vita bado zinapigwa. Kikomo cha shinikizo la .45 ACP ni pauni 21,000 kwa inchi ya mraba, na mwandishi wa vipimo vya Auto Rim anapokaa chini ya hapo, anachokihurumia ni chuma cha zaidi ya miaka mia moja.

Dhana: kwenye rivolva mpya, nakili tu kipimo cha ACP.

Nusu yake ni kweli: ujazo wa ndani unakaribiana sana, na rivolva ya kisasa iliyotengenezwa kwa .45 ACP haiogopi shinikizo lake. Ila kipimo hupimwa kwa ganda fulani, fataki fulani (kiwashio cha baruti kilicho kitakoni), na kichwa cha risasi kilichozamishwa kina fulani. Ukibadilisha kimojawapo, unarudi kwenye kiwango cha kuanzia na kupanda polepole.

Dhana: mdomo wa ganda hubanwa namna moja kwa zote mbili.

Hapa ndipo watu huumbuka. Ndani ya bastola, ACP husimama kwa mdomo wa ganda. Ukiukunja kupita kiasi, risasi huzama mno ndani ya chemba, yaani tundu inamokaa risasi. Auto Rim hushikwa na ukingo, kwa hiyo mdomo wake waweza kukunjwa barabara, tena unahitaji hivyo. Rivolva ikipiga teke, risasi zilizobaki hurudi nyuma kwa ghafla, na vichwa visivyobanwa vizuri huchomoka kidogokidogo hadi silinda igome kuzunguka. Ili kujua, piga tano, itoe ya sita, ilinganishe urefu wake wa mwanzo na wa sasa kwa kalipa (kifaa cha kupimia urefu). Kwenye bastola hatari ni kinyume: kichwa husukumwa ndani, nafasi ya baruti hupungua, shinikizo hupanda.

Dhana: mwendo wa risasi ulioandikwa kitabuni ndio utakaoupata.

Kama ulipimwa kwa mtutu wa majaribio usio na mwanya, sahau. Rivolva huvujisha gesi kati ya silinda na mtutu.

Dhana: kuongeza ukingo hakuna madhara.

Mwaka 1989 kampuni ya Federal ilitoa risasi ya 9mm yenye ukingo kwa ajili ya rivolva. Ikagundulika kwamba inaingia kwenye rivolva kuukuu za risasi ya .38 S&W, zilizotengenezwa kwa shinikizo lisilofika hata nusu ya lile la 9mm. Haikudumu sokoni.