Boksi limekufa, au halijalishwa?

Gari likikataa kuwaka, na mashine ya kupima ikashindwa kuwasiliana na kontrol boksi (kompyuta inayoendesha injini), hukumu hutoka papo hapo: "Boksi limekufa, tafuta jingine." Mimi huchukua mita kwanza. Boksi lisilopata umeme au ethi (njia ya kurudisha umeme kwenye negativu ya betri) hunyamaza vilevile kama lililoungua.

Ethi usiipime kwa omu (ukinzani wa waya). Waya uliobakiza uzi mmoja wa shaba utasoma vizuri tu, ila ukibebeshwa mzigo unashindwa. Plagi ikiwa imechomekwa, gusa pini ya ethi kwa nyuma kwa ncha moja ya mita ya volti, ncha nyingine iweke kwenye negativu ya betri, mwenzako apige stata. Mita ikizidi volti 0.2 hivi, shughulika na waya.

Halafu kuna volti 5 zinazotoka kwenye boksi kwenda kwenye sensa. Niliwahi kuletewa gari ambalo mwenyewe alishanunua boksi la pili, nalo likawa bubu kama la kwanza. Laini ya volti 5 ilisoma 0.4. Nikachomoa sensa moja moja. Nilipofika ya presha ya gesi ya eisii (kiyoyozi), mita ikaruka hadi 5 na mashine ikaanza kusoma. Sensa moja ilikuwa imepiga shoti ikaangusha laini nzima. Boksi lake la awali bado linafanya kazi.

Likiwa limeungua kweli, tafuta kilicholiunguza. Koili au nozeli yenye shoti inaweza kuunguza na jipya.

La kubadilishia lifanane namba ya kwenye lebo, si umbo na plagi tu. La mtumba mara nyingi huja na kumbukumbu za imobilaiza (kizuia wizi kinachotambua funguo) ya gari lilikotoka, kwa hiyo funguo zako halizitambui: injini inashika sekunde mbili inazima, au haishiki kabisa. Ndiyo maana la zamani halitupwi. Mara nyingi chipu ya kumbukumbu hupona hata sehemu nyingine zikiungua, na data zake huhamishiwa kwenye jipya, pamoja na namba ya chesisi. Kwenye dizeli nyingi, kila nozeli ina namba yake ya siri (msimbo) ya kuingizwa kwenye boksi pia.

Toa negativu ya betri kabla ya kuchomoa plagi. Wakati wa kuingiza programu, betri iwe kwenye chaja imara. Umeme ukiyumba katikati, boksi jipya linaweza kugoma palepale. Baada ya hapo mzunguko wa injini ukipandapanda gari likiwa limesimama, usishtuke: mara nyingi throto (mlango wa hewa ya injini) haijafundishwa upya.