Kombi Yanuka Saa Ngapi?

Nimelisikia tena Jumatatu, lile neno la kwamba gari la zamani lazima linuke petroli, na safari hii naandika, maana mdomo umechoka. Bwana mmoja kaingia gereji kwangu Kisauni na Kombi ya Volkswagen, ya kulala, ya 1976, ile ya paa la kuinuka na jiko la gesi ndani, urithi wa marehemu babake. Hajazima injini, harufu ya petroli ishanifikia kwenye benchi. Nikamuuliza, "Ndugu yangu, yanuka hivi tangu lini?" Akacheka. "Ah, fundi, si gari la zamani? Za zamani zote zanuka."

La. Hazinuki. Ilipotoka kiwandani haikuwa ikinuka, na chuma hakigeuki petroli kwa kuzeeka. Kinachozeeka ni mpira, gasketi na klipu. Asubuhi ile alikuwa amevuka nayo Likoni, ndani ya feri, watu wameizunguka bega kwa bega. Na nyuma ya kiti chake iko friji ya kuwashwa kwa gesi. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, haupandi ukaenda zake. Hutambaa sakafuni, na kichomeo cha friji kiko chini papo hapo. Petroli hutoa mvuke wa kushika cheche hata kwenye baridi ya nyuzi 30 chini ya sifuri, sembuse Mombasa mwezi wa pili. Isitoshe, kasha la injini hizi za kupozwa kwa hewa ni aloi ya magnesiamu: likishika moto, ukalimwagia maji, umechochea. Haya, yatosha kutisha watu.

Kisha akanionyesha. Wote hunionyesha. Kalala chini kwenye vumbi na shati lake la kazini, kidole kwenye tone chini ya giaboksi: "Hapa ndipo inapovuja."

Hapo ndipo inapodondokea. Paa likivuja maji yakaangukia kitandani, waziba kitanda?

Petroli ni nyepesi, yapenda kutambaa. Hushika upande wa chini wa bati, ikafuata mshono, ikapita juu ya bomba, ikashuka kwenye chesisi, mpaka ifike ncha ya bolti isiyo na pa kwenda ndipo idondoke. Kutoka penye ufa mpaka penye tone yaweza kuwa urefu wa mkono mzima. Na hilo ni tone lililofika. Kwa joto letu, uvujaji mdogo hukauka njiani, tone usilione kabisa, ndipo mtu aapa kwangu, "Fundi, nimeangalia, kukavu." Kukavu ndiyo, lakini angalia vizuri: kwenye injini chafu, palipopitiwa na petroli pana njia safi, kama mtu kapitisha kidole, na juu kabisa ya njia hiyo pana doa la hudhurungi linalonata. Doa ndilo laniambia ilipoanzia. Tone laniambia tu kwamba dunia ina mvutano.

Mafundi wawili walishaishika Kombi hii kabla yangu. Wa kwanza alibadilisha mpira ulio karibu na tone. Wa pili alisugua sabuni ya kipande kwenye mshono wa tanki. Sabuni siidharau, mimi mwenyewe ninacho kipande ndani ya sanduku la spana, kwa sababu petroli haiyeyushi sabuni, yaziba kweli. Ila maji yaiyeyusha. Sabuni ni ya kukufikisha nyumbani, si ya kukufikisha masika.

Basi mimi siulizi wapi. Nauliza saa ngapi.

Ikinuka alfajiri, gari limelala usiku kucha bila kuwashwa, hiyo ni petroli inayoshuka kwa uzito wake tu. Tanki la Kombi liko juu, mbele ya injini, kwa hivyo mpira wa kutoka tanki mpaka pampu hauna mapumziko, petroli imo usiku na mchana. Anza hapo, na hapo ndipo pa kuogopa zaidi. Ikinuka injini ikiunguruma tu, kisha ikizimwa yapoa, basi ni baada ya pampu, upande wa presha. Ikiwa hainuki nje kabisa lakini oili yapanda yenyewe kwenye kijiti cha kuipimia, chomoa kijiti unuse: kiwambo cha pampu kimepasuka, petroli yaingia kwenye oili. Usiliendeshe. Hayo ni mepesi.

La kunichosha ni harufu ya saa saba mchana.

Nilimbana yule bwana kwa maswali mpaka akakasirika kidogo. Yanuka kila siku? Hapana. Siku gani? Akafikiri. Ijumaa, Jumamosi. Jumatatu hii vilevile, lakini Jumapili alikuwa amejaza. Ijumaa wafanya nini? Ajaza tanki mjini, avuka, aipeleka kwa wageni wa Diani, aiegesha juani. Hajazi nusu, ajaza mpaka shingoni, na anayemjazia hutikisa bomba ili liingie lile la mwisho. Haya, hesabu. Petroli ikipanda joto nyuzi moja ya Selsiasi, ujazo wake huongezeka karibu sehemu moja kwa elfu. Ya kituoni imetoka chini ya ardhi, ina ubaridi wake. Tia lita 50, uliache gari juani msimu wa kaskazi, ipande nyuzi 15: karibu robo tatu ya lita imezaliwa mle ndani na yataka pa kwenda. Itapanda shingo ya tanki, itaingia kwenye mipira ya kupumulia iliyo juu, na kama mpira una ufa upande wa juu, ufa ambao petroli ya kawaida haiufikii kamwe, leo itaufikia. Jumatano tanki liko nusu, huoni kitu, hunusi kitu, wasema gari limepona.

Ndiyo maana fundi akilipima siku ya Jumatano atakwambia huna shida. Hakudanganyi. Kaja saa siyo.

Kwa hiyo nililijaza mimi, pomoni, nikaliweka juani, injini imezimwa, betri imetolewa waya, mtungi wa gesi umetolewa nje, kizimamoto cha unga pembeni. Kwanza nilifungua ule ukuta wa bati ulio baina ya injini na tanki (kwenye Kombi za mwanzo za umbo hili, ukuta haufunguki, washusha injini, na mimi huongeza bei) nikapaka poda ya mtoto kila kiungo nilichokifikia. Poda kavu ni nyeupe. Ikiguswa na petroli yabadilika rangi kabla haijakauka. Kisha kioo kidogo cha kunyolea ndevu, tochi isiyotoa cheche, na subira. Baada ya saa moja na kitu, poda ikaiva kwenye mpira mfupi unaounganisha shingo na tanki, upande wa chini, usioonekana bila kioo. Ukishuka kutoka hapo, ilikuwa njia safi mpaka giaboksi. Mpira wa kupumulia wa kushoto nao ulikatika mkononi mwangu kama biskuti.

Sasa niseme ukweli ambao huwaudhi wateja: sijui ni upi kati ya hiyo miwili uliokuwa ukinuka zaidi. Nilibadilisha yote. Kuna magari nimebadilisha vitu sita, harufu ikaisha, mteja akanisifu, na mpaka leo siwezi kuapa kilikuwa kipi.

Na yule bwana ana haki kidogo, tusimnyime. Iko saa moja ambayo gari la kabureta la zamani laruhusiwa kunuka: dakika chache baada ya kuzimwa likiwa moto. Feni imesimama, joto la injini lapanda kwenye kabureta, petroli iliyo ndani ya bakuli lake yachemka, na mvuke watoka. Ni kidogo, ni karibu na injini tu, na baada ya nusu saa imekwisha. Mpaka uko wapi baina ya hiyo na floti, lile boya la kabureta, iliyotoboka, au sindano ya kuzuia petroli isiyofunga? Mimi hutazama kama kabureta imelowa kwa nje, nikinusa tena baada ya nusu saa. Lakini nimewahi kukosea pande zote mbili.

Pua nayo si chombo cha kuaminiwa. Baada ya dakika kumi ndani ya gereji sinusi chochote, imezoea. Namwita kijana wa duka la jirani, aliye na pua mpya, namwambia aingie garini mara moja aniambie. Humpa soda.

Kuna kitu hakikuwa kwenye Kombi hii lakini nikikiona tena nitapiga kelele: filta ya plastiki iliyotiwa baina ya pampu na kabureta, yaning'inia juu ya distribyuta. Kijibomba cha shaba cha kuingizia petroli kwenye kabureta kimeshindiliwa tu, hakina skrubu. Filta yatikisika, yakivuta, siku moja chachomoka, na pampu yaendelea kumimina juu ya cheche. Tia filta chini, upande wa tanki. Kwa zile zilizotengenezwa kwa soko la Marekani kuanzia 1975, zenye injeksheni, presha ni karibu mara kumi ya pampu ya kawaida, na mpira wa kabureta hauifai hata kwa siku moja.

Kuhusu mipira: ile ya asili ya kitambaa ni mizuri kwa macho, lakini kitambaa huficha ufa. Naweka ya mpira mtupu, iliyoandikwa R9, alama ya mipira ya petroli ya presha. Lakini kuandikwa si kitu, wino ni rahisi. Mpira mpya wowote nakata kipande, nakitumbukiza kwenye chupa ya petroli wiki nzima. Kikivimba au kikigeuka laini, nairudishia duka. Si maabara, najua, na wiki moja haisemi kitu kuhusu miaka mitano.

Ukija kwangu, andika kwanza saa: siku uliyojaza, ulijaza kiasi gani, iliegeshwa wapi, harufu ilianza lini. Usijaze siku ya kuja mpaka nikwambie. Na tafadhali, usipeleke gari likaoshwe injini. Najua waona haya kulileta chafu mbele ya watu. Huyu bwana aliliosha Jumamosi kwa heshima yangu, akafuta njia zote, nikapoteza asubuhi nzima nikisubiri lichafuke.