Mchezo wa Saba: Mpira Utapotelea Wapi?

Usiku wa kuamkia Jumatatu, tarehe 23 Juni 2025, saa tisa kwa saa zetu, Oklahoma City Thunder watawakaribisha Indiana Pacers katika uwanja wa Paycom Center kwa mchezo wa saba na wa mwisho wa fainali ya NBA, ligi ya mpira wa vikapu ya Marekani. Kila upande umeshinda mara 3. Kabla ya hii, fainali haikuwa imefika mchezo wa saba tangu 2016, Cleveland walipowapokonya Golden State taji kwa pointi 93 kwa 89. Mimi hufunza vijana mpira wa vikapu hapa Kisumu, na wiki hii nzima wamekuwa wakinidaka kabla hata hawajafunga kamba za viatu: "Kocha, nani anachukua?" Ninawajibu kwamba ni Thunder, ingawa sababu yangu si ile wanayoitarajia.

Wao hutarajia nimtaje Shai Gilgeous-Alexander, mchezaji bora wa ligi, aliyefunga wastani wa pointi 32.7 msimu huu katika timu iliyoshinda michezo 68 na kupoteza 14 tu. Ni kweli kwamba katika mchezo wa nne alifunga pointi 15 ndani ya dakika 5 za mwisho, na bila hizo huenda fainali ingekuwa imekwisha nasi tumelala. Hata hivyo, mimi nitakuwa nikitazama namna mpira unavyopotea.

Katika daftari langu, mpira ukitoka nje ya mstari ninachora duara, kwa kuwa filimbi imelia, kila mtu amerudi mahali pake na timu imepoteza nafasi moja tu. Pasi ikinaswa hewani ninaweka msalaba, kwa kuwa hakuna filimbi: wenzako bado wanakimbilia kikapu cha mbele wakati aliyeinasa amekwisha kuelekea cha kwenu, ambako hajabaki wa kumzuia. Katika mchezo wa kwanza Pacers waliupoteza mpira mara 25, mara 19 kati ya hizo kabla ya mapumziko, lakini Thunder hawakuvuna cha maana, na Tyrese Haliburton akawamaliza kwa pointi 111 kwa 110 zikiwa zimesalia sekunde 0.3. Katika mchezo wa tano makosa ya namna hiyo yaliwapa Thunder pointi 32, nao wakashinda 120 kwa 109. Mchezo wa sita ukageuza kibao: Thunder ndio walioupoteza mpira mara 21, Gilgeous-Alexander akiwa na 8 peke yake, na robo ya tatu ilipokwisha Pacers walikuwa wakiongoza 90 kwa 60.

Atakayeamka atazame T.J. McConnell anapoingia kutoka benchi. Pacers wakishafunga, yeye hujifanya anarudi nyuma kulinda, akiwa amempa mgongo mtu anayerusha mpira kutoka nyuma ya mstari, kisha hugeuka ghafla na kuidaka ile pasi ya kwanza ambayo watu wengi huirusha bila kufikiri. Vijana wangu waliujaribu ujanja huo Ijumaa, na kwa nusu saa hakuna timu iliyoweza kuutoa mpira chini ya kikapu chake.

Kinachonitia shaka juu ya Pacers ni kigimbi cha Haliburton. Aliumia mguu wa kulia katika mchezo wa tano, ambao aliumaliza na pointi 4 za mitupo huru pekee. Katika mchezo wa sita alirudi akafunga 14, lakini timu ilikuwa mbele sana kiasi kwamba hakulazimika kukimbia. Kigimbi ndicho kinachomsukuma mchezaji katika hatua ya kwanza, na mlinzi akishang'amua kwamba hatua hiyo haipo, humsogelea hadi kifuani. Ukisogelewa namna hiyo na walinzi wa Thunder kama Luguentz Dort na Alex Caruso, pasi zako huanza kuguswa na vidole, na misalaba ikajaa daftarini.

Halafu kuna suala la nyumbani. Katika fainali 19 zilizowahi kufika mchezo wa saba kabla ya hii, mwenyeji alishinda 15. Katika mchujo huu Thunder wamecheza michezo 12 kwao na kupoteza 2, mmoja kwa pointi mbili mbele ya Denver na mwingine kwa ile moja ya Haliburton, yote kwa mitupo ya sekunde za mwisho kabisa. Wanaopenda historia watanikumbusha kwamba klabu hii, ilipokuwa bado Seattle, ilifungwa nyumbani katika mchezo wa saba mwaka wa 1978. Nakubali.

Nusu ya vijana wangu wako na Pacers kwa sababu ya Pascal Siakam wa Cameroon, aliyekwisha kutwaa taji na Toronto mwaka wa 2019, na siwalaumu. Pacers wakifika mapumziko na misalaba isiyozidi mitano, nitaufuta utabiri wangu mbele yao. Mazoezi ya Jumatatu yataanza saa kumi na moja jioni badala ya saa kumi.