Mwenye kuku wanaokufa haandiki "ufugaji wa kuku"

Mtu aliyeamka alfajiri akakuta kuku wake wanahara kijani hatafuti makala ya "Ufugaji bora wa kuku". Anashika simu na kuandika kama anavyomwuliza jirani: "kuku wanahara kijani na kupinda shingo nifanyeje". Sentensi hiyo pengine huandikwa mara chache tu kwa mwezi, ila za aina yake hazihesabiki. Zikijumlishwa ndizo tunaziita mkia mrefu, jina lililovuma baada ya makala ya Chris Anderson katika jarida la Wired, mwaka 2004. Google wenyewe wamesema kwamba takriban asilimia 15 ya yanayotafutwa kila siku hawajawahi kuyaona kabla.

Kwa hiyo nikikabidhiwa tovuti ya mifugo ili ionekane kwenye Google, siligombanii neno "kuku". Nafungua ripoti ya utendaji kwenye Google Search Console, zana ya Google inayomwonyesha mwenye tovuti watu wanaandika nini hadi kurasa zake zikatokea, nachuja maswali yenye "nifanyeje", "kwa nini", "dawa ya", "dalili za". Natafuta kurasa zilizo nafasi ya 15 au ya 30 katika matokeo ya Google kwa swali ambalo hazijalijibu sawasawa, naanza na hizo. Ripoti hiyo huficha maswali yanayoulizwa na watu wachache sana, kulinda faragha yao, kwa hiyo huwa nakaa pia kwenye duka la pembejeo nikisikiliza wateja wanavyouliza. Hakuna programu iliyonifundisha kama kaunta ile.

Pale ndipo unapojua kwamba ugonjwa mmoja una majina mengi. Daktari wa mifugo anaandika Newcastle; mfugaji anasema mdondo, mwingine kideri. Wenye tovuti wengi hutengeneza ukurasa kwa kila jina, na hilo nalipinga kabisa: unapata kurasa tatu nyepesi zinazonyang'anyana msomaji mmoja. Tatizo moja, ukurasa mmoja, majina yote yakiwa ndani mahali yanapostahili. Tangu Desemba 2019, Google walipopeleka BERT, mfumo wao wa kuelewa maana ya sentensi, kwenye lugha zaidi ya 70, Kiswahili kikiwemo, hakuna haja ya kurudia maneno yaleyale kama kasuku.

Kichwa cha ukurasa nakiandika kwa maneno ya mfugaji: "Kuku wanahara kijani na kupinda shingo: dalili za mdondo au kideri". Aya ya kwanza inajibu bila kuzunguka: mdondo hauna tiba, watenge wagonjwa, mwite mtaalamu. Kisha kiungo kinampeleka kwenye ukurasa wa chanjo ya I-2, tone moja jichoni, inayorudiwa kila baada ya miezi 3.

Halafu narudi kwenye ripoti. Kwa mteja wangu mmoja, ukurasa wa namna hii ulipoanza kusomwa, likajitokeza swali ambalo hatukuliwaza: banda lililopata mdondo likae muda gani kabla ya kuingiza vifaranga wapya? Kesho yake tukakaa na daktari wa mifugo kuliandikia jibu.