Bonde limezibwa: maswali na majibu kuhusu hewa ya Januari Salt Lake City

Kila mwaka, kati ya Desemba na Februari, Salt Lake City hupitia siku ambazo theluji haianguki, upepo hauvumi, na mji mzima unalaliwa na kitu cha kijivu kinachokereketa koo. Kwa familia zilizofika Utah kutoka Kongo, Burundi au kambi za Tanzania, jambo hili ni geni. Maswali haya nimeulizwa sebuleni, kwenye kituo cha basi na nje ya kanisa, na ninayajibu hapa kama ninavyoyajibu huko.

Huu ni ukungu au ni moshi?

Mara nyingi ni vyote viwili. Ukungu wenyewe ni matone ya maji tu, hauna neno. Kinachotuumiza ni vumbi laini mno, linaloitwa PM2.5 kwa sababu kila chembe haizidi mikroni 2.5, yaani karibu sehemu moja ya thelathini ya unene wa unywele. Pua haiwezi kulizuia. Linashuka hadi mwisho kabisa wa mapafu, na chembe nyingine hupenya hadi kwenye damu.

Wengi hawajui kwamba sehemu kubwa ya vumbi hili halitoki kwenye bomba la gari likiwa vumbi. Linatoka likiwa gesi. Gesi za naitrojeni za magari na mitambo ya kupashia nyumba joto hukutana hewani na amonia, ambayo kwa kiasi kikubwa hutoka kwenye kilimo na mifugo, na kwenye baridi hiyo zinageuka chembe za amonia naitreti. Ndiyo maana siku ya tatu au ya nne ya hewa kuziba huwa mbaya kuliko ya kwanza hata kama magari hayajaongezeka.

Kwa nini moshi hauondoki?

Kwa kawaida, ukipanda juu hewa inapoa, wastani wa nyuzi 6 na nusu za Selsiasi kwa kila kilomita. Aliyepanda kutoka Uvira kwenda Minembwe, au kutoka Bujumbura kwenda Bugarama, anajua: unaanza safari na shati, unamaliza umejifunga shuka. Katika hali hiyo hewa ya chini iliyopata joto la jua hupanda, na moshi hupanda nayo ukatawanyika.

Wakati wa baridi mambo hupinduka. Usiku ni mrefu, anga liko wazi, ardhi inapoteza joto lake haraka. Hewa iliyogusana na ardhi inapoa, inakuwa nzito, na ile ya milimani inatiririka kuja bondeni kama maji ya mvua. Juu yake, mgandamizo mkubwa wa hewa unashusha hewa nyingine ambayo kadiri inavyoshuka inabanwa na kupata joto. Matokeo yake ni baridi chini na joto juu. Huo ndio mpinduko wa joto; wenyeji wa hapa husema tu inversheni. Moshi ukipanda unakutana na hewa yenye joto kuliko wenyewe, nguvu ya kupanda inakwisha, unaanza kutambaa pembeni. Pembeni nako kuna milima ya Wasatch upande wa mashariki na Oquirrh upande wa magharibi. Mchana jua linatoka, lakini theluji iliyotanda inarudisha mwanga juu na ardhi haipati joto la kuvunja hali hiyo.

Waliolima nyanda za juu hawahitaji maelezo marefu. Sakitu ikipiga, viazi vya bondeni vinaungua na vya mteremkoni vinabaki kijani. Ni hewa ileile nzito iliyojikusanya chini.

Januari moja jirani alinichukua kwa gari lake kwenda Alta, kule wanakoteleza kwenye theluji. Tulipotoka mjini kipimo cha gari kilisoma nyuzi 21 za Fahrenheit, sawa na 6 chini ya sifuri za Selsiasi, na taa zimewashwa saa nne asubuhi. Tulipanda kona chache tu, ghafla jua kali, anga la buluu, na kipimo kikasoma 37, yaani nyuzi 3 juu ya sifuri. Nikageuka kutazama nyuma. Mji haukuwepo. Kulikuwa na ziwa la rangi ya maji ya kuoshea vyombo, limenyooka juu kama limepigwa rula, na sisi wote huwa tunaishi ndani yake.

Je, ni kitu kimoja na mazuku ya Goma?

Hapana, ila ni jamaa. Mazuku ni gesi ya kaboni dioksaidi inayotoka ardhini karibu na volkano, haina rangi wala harufu, na inaweza kumuua mtu au mbuzi kwa dakika chache kwa kumnyima oksijeni. Hapa hakuna gesi ya namna hiyo. Undugu wao uko kwenye tabia: vyote viwili hupenda mashimo na mabonde, huzidi alfajiri kukiwa na utulivu, na hupungua upepo ukivuma. Wataalamu wa volkano duniani wamelichukua neno mazuku kama lilivyo, kwa hiyo Kiswahili hakijaachwa nyuma kwenye elimu ya hewa mbaya.

Wanajuaje kwamba juu kuna joto na chini kuna baridi?

Njia kuu ni puto. Mara mbili kwa siku, karibu saa kumi na moja alfajiri na saa kumi na moja jioni kwa saa za hapa, wataalamu wa hali ya hewa hurusha puto kutoka uwanja wa ndege wa Salt Lake City. Puto limebeba kijisanduku kinachopima joto, unyevu na kanieneo, na kutuma vipimo kwa redio huku likipanda mita 5 hivi kila sekunde. Hufika kama kilomita 30 juu ndipo linapasuka na kijisanduku kikashuka kwa mwavuli. Saa hizohizo mamia ya vituo duniani hurusha yao, ili picha za anga zote ziwe za wakati mmoja. Kazi hii ya vijisanduku vya redio ilianza na Mfaransa Robert Bureau mwaka 1929 na Mrusi Pavel Molchanov mwaka 1930. Vipimo vikichorwa, mstari wa joto unapaswa kupungua kadiri unavyopanda. Ukipinda na kuanza kuongezeka, hapo ndipo penye mpinduko.

Puto lina kasoro moja: linapita mara moja na kwenda zake. Kwa hiyo kuna vifaa vinavyokaa chini na kutazama juu mchana kutwa. Sodari hutoa mlio kwenda angani na kusikiliza mwangwi wake, na lida hufanya hivyo kwa mwanga. Kuna pia njia ya mtu mwenye subira: kupanga vipima joto kuanzia bondeni hadi juu ya mteremko, kisha kulinganisha. Majira ya baridi ya 2010 hadi 2011 watafiti walivikusanya vyote hivyo kwenye bonde hili la Salt Lake ili kujua hewa baridi inajengekaje, inadumuje na inavunjikaje.

Ninachokipenda mimi ni cha treni. Tangu 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Utah wameweka vipimo vya hewa juu ya paa za baadhi ya treni za mjini za TRAX. Wewe unakwenda kazini, treni inapima vumbi njia nzima.

Hewa hii inaua kweli, au ni kutishana?

Inaua. Desemba 1930, bonde la mto Meuse nchini Ubelgiji lilizibwa kwa siku chache na watu wapatao 60 wakafa. Oktoba 1948 ikawa zamu ya Donora, mji mdogo wa viwanda Pennsylvania: watu 20 walikufa na maelfu wakaugua. London, Desemba 1952, vifo vilikadiriwa 4,000, na hesabu za baadaye zikavipandisha hadi karibu 12,000. Mara zote tatu moshi ulikuwa wa kila siku. Kilichobadilika ni hewa ya juu kuufungia chini.

Ushahidi unaonigusa zaidi uko jirani hapa, bonde la Utah, upande wa Provo. Kulikuwa na kiwanda cha chuma cha Geneva. Agosti 1986 kilifungwa kwa sababu ya mgogoro wa wafanyakazi, kikafunguliwa tena Septemba 1987. Profesa Arden Pope akapekua rekodi za hospitali. Majira ya baridi kiwanda kilipofanya kazi, watoto waliolazwa kwa magonjwa ya kifua walikuwa mara mbili hadi tatu ya waliolazwa kilipokuwa kimefungwa. Bonde lilikuwa lilelile na baridi ileile. Kilichokosekana ni moshi wa kiwanda.

Mtoto wangu anakohoa usiku. Si baridi imemwingia kifuani?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote. Mama, sikatai kwamba baridi kavu inaweza kumchokoza mwenye pumu. Lakini kama unamvika makoti mawili, unampaka dawa ya kuchua, na bado siku za kijivu anakohoa kuliko siku za theluji, basi koti halina kosa. Tatizo ni anachovuta. Ukilinganisha na uzito wao, watoto huvuta hewa nyingi kuliko watu wazima, na mapafu yao bado yanajengeka. Wanaofuata ni wazee, wajawazito, na wenye ugonjwa wa moyo au wa mapafu.

Kama daktari alishampa dawa ya kuvuta ya pumu, ile ya kila siku isikatishwe kwa sababu eti ameonekana mzima wiki iliyopita. Ile ya kutuliza shambulio iende naye shuleni. Kama hajawahi kupimwa, omba miadi sasa, usisubiri Februari.

Nyumbani nifanye nini?

Usiwashe mkaa ndani, iwe kwa kupika au kwa kuota. Hili halihusu vumbi peke yake: mkaa hutoa kaboni monoksaidi, na familia nzima inaweza kulala isiamke. Gari pia lisiunguruzwe ndani ya gereji ili lipate moto, hata mlango ukiwa wazi. Udi na ubani vingoje siku nyingine; najua hili ni gumu kwa baadhi yetu. Kuna siku mamlaka hupiga marufuku kuni mekoni, na faini ipo.

Mwenye uwezo anunue mashine ya kuchuja hewa. Asiye nao anunue feni ya boksi na chujio la daraja la MERV 13 lenye ukubwa sawa na feni, alifunge nyuma ya feni kwa utepe wa gundi, mshale wa chujio ukielekea kwenye feni. Inafanya kazi vizuri, na inatosha chumba wanacholala watoto. Barakoa ya kitambaa haisaidii sana hapa. Inayosaidia ni ya N95 iliyobana uso.

Rangi na namba za kipimo cha ubora wa hewa (AQI) kwenye simu zina maana gani?

Kijani, hadi 50, toka nje. Njano, 51 hadi 100, mwenye pumu ajichunguze. Chungwa, 101 hadi 150, watoto na wagonjwa wasikimbie nje. Nyekundu, kuanzia 151, hata wewe mzima acha mbio za asubuhi.

Nitajuaje kwamba ni wakati wa kwenda hospitali?

Mvue mtoto nguo ya juu, umtazame. Ngozi katikati ya mbavu ikiingia ndani kila anapovuta pumzi, pua ikitanuka, akishindwa kumaliza sentensi au kunyonya, midomo ikigeuka rangi ya bluu, au dawa ya kutuliza isipomsaidia, piga 911. Usijali Kiingereza. Mpokeaji akiuliza chochote, sema neno moja tu, "Swahili", kisha usikate simu. Watamtafuta mkalimani akiwa hapohapo kwenye laini. Hospitali nako mkalimani ni bure, kwa hiyo usimtumie mtoto wako wa darasa la nne kutafsiri.